Kigari cha Kielelezo na Somo la Skeli

Miongoni mwa mada za Hisabati zinazowatatiza watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, mada ya uwiano na skeli ina nafasi ya pekee. Mtoto hukariri kwamba 1:20 husomwa "moja kwa ishirini", hujibu swali la kitabuni, hupata vema. Na kesho yake akiulizwa mti wenye kimo cha mita 6 utachorwa kwa urefu gani katika daftari lake, hunyamaza. Kosa hili tusimbebeshe mtoto. Tumemfundisha tarakimu mbili na nukta pacha iliyo kati yake, tukaacha kumfundisha kitendo ambacho alama hizo zinakieleza.

Katika makala haya tunatoa rai moja. Kila mwalimu-mwanafunzi, kabla ya kwenda kufundisha uwiano katika mazoezi ya kufundisha, ajenge kwa mikono yake mwenyewe kigari kimoja cha kielelezo, cha gari halisi la zamani la mashindano, kwa skeli moja isiyobadilika kuanzia tairi hadi taa. Akishakijenga, awaongoze wanafunzi wake kujenga chao. Tunawafikiria hasa wenzetu watakaopangiwa shule za uwanda wa juu wa Ufipa, kwa sababu huko vifaa vyote vinavyotakiwa vipo, na mafundi wadogo wapo tayari kabla mwalimu hajafika.

Kichezeo na kielelezo

Anayesafiri katika vijiji vya Ufipa, toka Laela kupitia Sumbawanga hadi Namanyere, hakosi kuwaona watoto wakisukuma magari waliyoyatengeneza wenyewe kwa waya, mabua ya mahindi na makopo. Mengi yana usukani wa waya mrefu unaofika kifuani mwa mtoto, na usukani huo hugeuza kweli magurudumu ya mbele. Mtoto aliyefanya kazi hiyo amekwisha kufahamu ekseli, mhimili, mzunguko na mkunjo. Hayo hakufundishwa na mtu wa darasani.

Hata hivyo, kigari hicho ni kichezeo. Magurudumu yake ni makubwa kwa sababu njia ina mawe. Kibanda cha dereva ni kirefu kwa sababu waya ulibaki. Taa ni kubwa kwa sababu mtengenezaji anazipenda. Hakuna ubaya katika hayo. Kichezeo hufuata matakwa ya mchezaji. Kielelezo nacho hufuata kitu kinachoelezwa, na mtengenezaji hana ruhusa ya kurefusha hapa na kufupisha pale. Akishasema kwamba sentimita 20 za gari zitakuwa sentimita 1 ya kigari, amejifunga kwa ahadi hiyo mpaka mwisho wa kazi. Ahadi hiyo ndiyo skeli, na mtoto aliyepata kuitimiza hawezi kuisahau.

Kazi ya mwalimu, basi, ni kumchukua mtoto kutoka kwenye kichezeo na kumfikisha kwenye kielelezo. Yasikitisha kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume: kigari cha waya hunyang'anywa mlangoni mwa shule kama kitu cha upuuzi, kisha mtoto yuleyule hukalishwa mbele ya ubao kufundishwa kwa maneno matupu jambo ambalo mikono yake ilikuwa karibu kulivumbua.

Kwa nini gari la mashindano

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusijenge nyumba, au mkokoteni? Nyumba ni kielelezo chema, lakini haisogei, na kwa hiyo haitoi hukumu. Gari hutoa hukumu. Ekseli ikipinda, kigari huenda upande. Gurudumu moja likizidi jingine, kigari huyumba. Mtoto huliona kosa lake pasipo kusubiri kalamu nyekundu ya mwalimu. Tena gari la mashindano lina jina, mwaka na historia, na mtoto akijua kwamba anatengeneza kitu kilichokuwapo kweli, hutaka kukitengeneza sawasawa.

Katika nchi nyingine kazi hii ni sanaa yenye wapenzi wengi. Huko Marekani wapo watu wazima wanaojenga kwa uangalifu mkubwa vielelezo vya magari ya zamani ya mbio fupi za kunyooka, zile ambazo magari mawili hushindana kwa robo maili tu, yaani mita 402 hivi. Skeli zao za kawaida ni 1:24 na 1:25. Ile ya 1:24 ilitokana na vipimo vya Kiingereza, kwa kuwa nusu inchi ya kielelezo husimama badala ya futi moja ya gari. Sisi tunaotumia vipimo vya metriki hatuna haja ya kuiiga. Skeli ya 1:20 yatufaa zaidi: milimita 1 ya kigari ni sentimita 2 za gari, na mtoto hupata jibu kwa kugawanya kwa 10 na kisha kwa 2.

Wala hatuna haja ya kuazima gari la Marekani. Afrika Mashariki ina mbio zake zenye sifa duniani. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za vumbi na matope zilizokuwa zikitumiwa na watu wote. Katika miaka ya 1960 gari lililotia fora ni Peugeot 404, gari la kawaida la abiria lililotengenezwa Ufaransa kuanzia mwaka 1960. Lilishinda mwaka 1963, likashinda tena kwa miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Katika mbio za 1963, na vilevile za 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Mbio hizo, ambazo sasa hufanyika Kenya, zilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Mwanafunzi wa Sumbawanga aelezwe habari hizi kabla hajashika mkasi, ili ajue anajenga nini.

Vipimo na vifaa

Vipimo vikuu vya Peugeot 404, kwa makadirio yanayotosha kazi yetu, ni hivi: urefu sentimita 444, upana sentimita 162, kimo sentimita 145, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma sentimita 265. Kwa skeli ya 1:20 tunapata urefu wa sentimita 22.2, upana 8.1, kimo 7.25 na umbali wa ekseli 13.25. Kigari chote kinaenea katika rula ya sentimita 30, nayo ndiyo rula ambayo mtoto anayo.

Tuanze na magurudumu. Tairi la gari hili lilikuwa na kipenyo cha sentimita 64 hivi, na upana wa sentimita 16.5. Ukigawanya kwa 20, kipenyo ni sentimita 3.2. Sasa chukua kifuniko cha chupa ya soda, kile cha bati chenye meno, ukipime kwa rula: utakuta sentimita 3.2. Kifuniko hicho kiwekwe juu ya soli ya ndala iliyochakaa, kichorwe mzingo wake, na raba ikatwe kwa unene wa milimita 8. Hilo ndilo tairi, kwa skeli kamili. Tunawashauri walimu wasiwaambie watoto jibu hili mapema. Wawape kipimo cha sentimita 3.2 na kuwaagiza watafute nyumbani kitu cha mviringo chenye kipenyo hicho. Msako huo peke yake ni kipindi kizima cha Hisabati.

Spoku ya baiskeli yenye unene wa milimita 2 itakuwa ekseli, ikizunguka ndani ya mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha. Chasi ikatwe katika kadibodi ngumu. Mbavu na milango zikatwe katika kadibodi nyepesi au bati la kopo. Boneti na buti zichongwe kwa moyo wa bua la mahindi, ambao ni mwepesi na hukatika vizuri. Na katika Rukwa, mkoa wa mahindi, bua halinunuliwi. Vioo vitoke katika chupa za maji za plastiki. Taa kubwa za mbele, zenye kipenyo cha sentimita 18 hivi katika gari, ziwe visahani vya bati vya milimita 9. Gundi ipikwe kwa unga. Bati likatwe na mwalimu, na kingo zake zikunjwe kabla watoto hawajalishika. Wembe usiachwe mikononi mwa mtoto asiyesimamiwa.

Hapo litazuka swali la urembo: mambo madogo yaishie wapi? Skeli yenyewe hujibu. Kitasa cha mlango chenye urefu wa sentimita 12 kitakuwa milimita 6, nacho chaonekana, kitengenezwe. Kichwa cha skrubu chenye sentimita 1 kitakuwa nusu milimita, kiachwe. Yale mapezi mawili madogo ya nyuma yanayolitambulisha gari hili yasiachwe, na namba ya mashindano ubavuni iandikwe kwa kimo kilichopigiwa hesabu. Mwanafunzi hujifunza hivyo kwamba kuacha jambo kwa sababu inayojulikana ni tofauti na kuliacha kwa uvivu.

Mahali ambapo lipo gari la zamani la kupimwa kwa mikono, mwalimu asisite kulitumia badala ya hili. Land Rover ya zamani iitwayo 109 hufaa sana, kwa kuwa jina lake ni kipimo: ni inchi 109 kati ya ekseli mbili, sawa na sentimita 277 hivi. Watoto waipime wenyewe kwa utepe, walihakiki jina lake, kisha wapige hesabu.

Kazi ya darasa

Mwalimu wa darasa lenye watoto 70 atasema kwamba kigari kimoja hakiwezi kujengwa na watoto 70. Sisi twaona kwamba wingi huo waweza kufanywa msaada. Darasa ligawanywe vikundi saba: magurudumu na ekseli, chasi, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, boneti na buti, paa na vioo, viti, usukani na dereva. Katika kila kikundi wengine wapime, wengine wachore, wengine wakate, na mmoja atunze daftari la vipimo lenye safu tatu: kipimo cha gari, hesabu iliyofanywa, kipimo cha kigari. Kwanza ichorwe michoro mitatu ya ukubwa kamili wa kigari: wa ubavuni, wa mbele na wa juu. Bila michoro hiyo kusiwe na kitu kinachokatwa.

Vikundi vifanye kazi mbalimbali, na sehemu ziunganishwe siku moja mbele ya darasa zima. Hapa ndipo lilipo somo lenyewe. Ubavu wa kulia ukiwa na sentimita 22.2 na wa kushoto 23, paa halitakaa. Mwalimu atashawishika kuchukua mkasi na kupunguza ili kigari kipendeze. Asifanye hivyo. Aliombe daftari la kikundi, na darasa lisome safu tatu mpaka kosa lionekane: je, walipima vibaya, waligawanya vibaya, au walikata vibaya? Makosa hayo matatu ni tofauti, na kila moja lina dawa yake. Mtihani wa kuandika huonyesha kwamba jibu si sahihi. Daftari hili huonyesha mahali mtoto alipopotea njia.

Kisha yupo dereva. Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 atakuwa sanamu ya udongo ya sentimita 8.5. Akisimama kando ya kigari, kichwa chake kipite paa, maana paa liko sentimita 7.25 tu. Akikalishwa ndani na kichwa kikagonga, au miguu ikakosa mahali, darasa litajua kwamba kuna mtu aliyevunja ahadi. Hatujui kipimo cha haraka na cha haki kuliko hicho.

Yasiyopungua kwa kadiri moja

Kigari kikishakamilika, mwalimu asikimbilie kukitundika ukutani. Kuna swali moja kubwa lililobaki: ikiwa urefu umepungua mara 20, je, eneo na ujazo navyo vimepungua mara 20? Wanafunzi wengi, na walimu wengine, hujibu ndiyo. Sanduku lenye sentimita 20 kila upande lipigiwe hesabu: sakafu yake hupokea vipande 20 × 20 vya sentimita moja, yaani 400, na sanduku lote hupokea vipande 20 × 20 × 20, yaani 8,000. Kwa hiyo bati la mlango limepungua mara 400, na ujazo wa gari mara 8,000. Gari la kilo 1,000, kama lingejengwa upya kwa vitu vilevile kwa skeli yetu, lingekuwa na gramu 125 tu. Kigari kipelekwe kwenye mizani ya duka, kipimwe, na tofauti ijadiliwe.

Jambo hili lina ushahidi wake hapahapa Ufipa. Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma, na tanuru zao kubwa za udongo, zile zinazoitwa malungu, zilipita kimo cha mtu na kufikia mita 3 hivi. Mabaki ya baadhi yake yamesimama mpaka sasa. Tanuru hiyo ndefu ilijivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, pasipo mivukuto. Tanuru ndogo, ya kazi ya pili ya kusafishia chuma, ilihitaji mivukuto. Mwanafunzi akijenga kielelezo cha tanuru kubwa kwa skeli ya 1:20, kitakuwa na sentimita 15 na umbo lake litakuwa sahihi kabisa. Lakini akitia moto hautavuta hewa kama ule, kwa sababu nguvu ya kuvuta ilitokana na kimo chenyewe. Kielelezo huhifadhi umbo. Hakihifadhi kila tabia. Mwalimu asiyelieleza jambo hili atakuwa amefundisha nusu ya skeli.

Hoja zinazopinga

Ya kwanza ni muda. Watasema mtihani wa mwisho uko karibu, na vipindi vinane au tisa vya kadibodi ni anasa. Tunawaomba wahesabu mada zilizoguswa: uwiano, desimali, kubadili vipimo, duara, eneo, ujazo, na makadirio. Mwalimu anayezifundisha moja moja kwa chaki hatumii muda mchache kuliko huo; na aghalabu hurudi kuzifundisha tena.

Ya pili ni kwamba magari ni mambo ya wavulana. Hii ni desturi ya njiani, wala haina nguvu darasani. Msichana aliyezoea kupima na kukata kitambaa kwa mshono ana mikono iliyo tayari kwa kazi ya michoro. Mwalimu asiwape wasichana kazi ya kutunza daftari tu huku wavulana wakikata, zamu zizunguke.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito, yatoka ndani ya vyuo vyetu. Zana za kufundishia zimekuwa mara nyingi kitu cha kumwonyesha msahihishaji wa mazoezi ya kufundisha. Hutengenezwa usiku, pengine na fundi aliyelipwa, huonyeshwa kwa dakika 40, hutiwa alama, na hutupwa. Zana ya namna hiyo haikumfundisha aliyeileta, wala haitamfundisha mtoto. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilaumu shule iliyotenga kusoma na kufanya kazi. Katika shule nyingi wito huo uliishia kwenye jembe na shamba la shule. Shamba ni jema. Lakini kazi ya mikono inayofikiri, inayopima na kujihakiki, ilibaki pembeni. Kigari cha kielelezo ni njia mojawapo ya kuirudisha katikati ya somo.

Mapendekezo

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, vyuo vya ualimu vimtake kila mwanafunzi wa Hisabati ajenge kielelezo kimoja yeye mwenyewe, na alama zitolewe kwa daftari la vipimo kabla ya kutolewa kwa uzuri wa kigari. Pili, zana iliyonunuliwa au kutengenezwa na mtu mwingine isipewe alama yoyote katika mazoezi ya kufundisha. Tatu, mwalimu aendapo shuleni achukue michoro yake mitatu na aache kigari chake chuoni, ili watoto wajenge chao badala ya kukikodolea macho chake. Nne, kigari kilichojengwa na darasa kibaki shuleni pamoja na daftari lake, na darasa linalofuata lipewe kazi ya kwanza ya kukihakiki kwa rula, kipimo kwa kipimo, na kuandika makosa litakayoyaona.

Hilo la nne lisidharauliwe. Mtoto anayejua kwamba kazi yake itapimwa mwakani na wadogo zake, wala haitatazamwa na mkaguzi tu, hupima mara mbili kabla ya kukata. Mazoea hayo akiondoka nayo shuleni, yatamfaa awe seremala, fundi cherehani, muuguzi anayepima dawa, au mkulima anayegawa shamba. Nasi tutakuwa tumemfundisha skeli.